Ukucha wa Kubadilishia Betri

Kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia nimefuga ukucha. Kucha nyingine nakata kama mtu yeyote, huo mmoja naulinda. Nikilima nauvalisha kitambaa. Wanawake wauza samaki pale mnadani Basotu wananicheka, wanasema mzee huyu anataka kuolewa, apakwe na rangi kabisa. Nawaacha wacheke. Ukucha huu una kazi yake, kazi yenyewe inakuja mara moja mwaka ukizunguka, na kwa muda mrefu nilijua hakuna mtu mwingine Hanang nzima anayeiweza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najua.

Kazi ni kubadilisha betri. Si betri ya tochi wala ya redio, hiyo hata mtoto anabadilisha. Hii ni betri bapa kama sarafu, inakaa ndani ya kadi ya memori, na kadi inakaa mgongoni mwa kalkuleta ya zamani ya Bwana Mpima. Lakini nimeruka mbele. Shule niliiacha mapema, nilitumwa kuchunga, kwa hiyo mtanivumilia nikirudi nyuma kidogo.

Bwana Mpima ni mtu wa kusini, huko Songea. Serikali ilimleta kwetu akiwa kijana, kazi yake kupima ardhi, na alipostaafu hakurudi kwao. Alijenga Basotu, karibu na ziwa, na mkewe ambaye alikuwa nesi. Alipokuwa anapima alikuwa na wasaidizi wawili. Mmoja ni mimi, mtu wa jembe, nimeshuka kutoka milima ya Mbulu kutafuta kibarua. Mimi nilikuwa navuta tepu ya chuma. Wa pili ni mtu wa ng'ombe kutoka Dirma, mrefu, mkimya, anatembea kama hakanyagi. Yeye alikuwa anashika fimbo, ile ndefu ya rangi nyekundu na nyeupe, anaisimamisha kwenye kona ya shamba halafu Bwana Mpima anaichungulia kwa darubini yake ya miguu mitatu. Basi mimi nikawa Tepu na yeye akawa Fimbo. Mpaka leo watu wa rika letu wanatuita hivyo, na majina tuliyopewa na baba zetu yamebaki kwenye kadi za kupigia kura.

Nikisema tulikuwa marafiki nitakuwa nadanganya. Tulikula sufuria moja. Ni tofauti.

Msimu mmoja mvua ilitushika Hirbadaw. Udongo wa kule ukilowa unakamata gari mpaka tumboni, hakuna kwenda mbele wala nyuma. Tukakaa kwenye hema, tunakula ugali na mlenda na maziwa ambayo Fimbo alikuwa anatafuta kwa ndugu zake. Bwana Mpima akachoka kukaa bure. Akatoa kalkuleta, nyeusi, nene, ina vitufe vingi kuliko meno ya fisi, akaanza kuiandikia programu ya mashamba yaliyopinda. Kwa sababu mashamba ya kwetu hayana kona nzuri. Mtu amelima akifuata korongo, akakwepa kichuguu, akakwepa kaburi la babu yake. Ukitaka kujua ni eka ngapi unakokotoa mpaka usiku.

Aliandika wiki nzima, anafuta, anarudia. Alipomaliza akatuita. Akasema, "Sasa mashine hii itawauliza wenyewe." Akabonyeza. Kwenye kioo yakatokea maneno: TEPU? Mimi herufi kubwa nasoma. Nikashtuka, nikasema naam. Wakacheka. Akaingiza urefu, halafu ikauliza: FIMBO? Akaingiza pembe aliyosoma kwenye darubini. Hivyo hivyo, kona kwa kona, mpaka mwisho inatoa eka.

Mliosikia mmesikia. TEPU kwanza, FIMBO baadaye. Mashine ikiamka, mtu wa kwanza kuitwa ni mimi. Siku ile nilikula ugali kama mwenye nyumba, na nikamwangalia Fimbo kwa chini nikaona naye ameelewa. Nimeishi na jambo hilo miaka yangu yote ya utu uzima. Wengine wana mifugo mingi, wengine wana watoto mapadri. Mimi nilikuwa na hilo.

Turudi kwenye betri. Programu ile ilikuwa kwenye kadi, na kadi inakumbuka kwa nguvu ya ile betri bapa. Ikichoka, kioo kinaandika onyo la Kizungu juu kabisa, nimelizoea umbo lake kama ninavyozoea alama ya ng'ombe sikioni. Hapo unabadilisha. Lakini kuna mwiko. Betri ya kadi unaitoa kadi ikiwa ndani ya kalkuleta, na kalkuleta ikiwa imewashwa, ili memori inyonye umeme wa mashine wakati yake haipo. Ukitoa kadi, imekwenda. Mashine ikizima, imekwenda. Tena mashine yenyewe ina tabia ya kulala. Ukiiacha bila kuigusa, kwa muda wa mtu kunywa chai ya moto, inajizima kimya kimya ili kutunza betri zake kubwa. Kwa hiyo huku unafanya kazi, huku unabonyeza kitufe mara moja moja, kama mama anayemtikisa mgonjwa asisinzie.

Mikono ya Bwana Mpima ilianza kutetemeka, macho nayo yakaingia ukungu, akanipa mimi kazi. Betri iko ndani ya kidroo kidogo cha plastiki ukingoni mwa kadi, kina mfereji mwembamba wa kuingiza ukucha. Bisibisi inakwaruza. Kisu kinateleza. Ndiyo ukucha huu. Siku ya kubadilisha nilikuwa naoga, navaa shati la kanisani, Mama nesi anatandika kitambaa cheupe mezani, anaweka chai ya maziwa mbali, isije ikamwagika. Betri nanunua Katesh kwa fundi saa. Mwaka mmoja aliniuzia nene kidogo kuliko inayotakiwa, upana ule ule, kidroo kikagoma kufunga, nikapanda bodaboda kuirudisha na vumbi lote lile la mashamba ya ngano. Sikulalamika. Kulalamika ningemlalamikia nani, wakati nilikuwa naringa njia nzima.

Mtu atauliza, siku hizi si kuna simu zinapima shamba ukitembea tu? Zipo. Vijana wa ofisini wanazo, wazuri, wana adabu. Lakini ndugu wakigawana shamba la baba yao Basotu, wanamtaka Bwana Mpima na darubini yake, na sisi wazee wawili tunavuta na kusimamisha. Wanasema kipimo ukikiona kwa macho kinaondoa ugomvi. Sijui. Ninachojua, programu ile ikifa na kazi yetu imekufa, na Bwana Mpima hana kingine kinachomtoa kitandani asubuhi.

Sasa mwaka jana dada yangu mkubwa alifariki, huko Mbulu. Nikapanda kuzika, nikakaa mpaka matanga yakaisha, kisha mvua zikakata barabara, nikakaa zaidi. Niliporudi Basotu nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Mpima, ukucha wangu ukiwa mrefu na msafi, betri mpya mfukoni, kwa sababu nilijua onyo limekaribia.

Mama nesi akanipa pole ya msiba, akanipa kiti. Nikaona kwenye dirisha kuna mwiba wa mgunga, mrefu, umesuguliwa ncha ikawa bapa. Nikauliza mwiba wa nini.

"Wa Fimbo," akasema. "Si alikuja akatubadilishia betri. Onyo lilitoka wewe haupo."

"Akabadilisha na mwiba?"

"Akabadilisha na mwiba, baba. Umechongwa vizuri, uone."

Nikaushika nikauona. Ulichongwa vizuri. Hilo ndilo lililoniuma kwanza.

Wivu wa mke na mume watu wanaupigia kelele, majirani wanakuja kuamua. Wivu wa mzee kwa mzee mwenzake unakaa kama kupe ndani ya sikio la ng'ombe. Ng'ombe anatikisa kichwa, watu wanasema anafukuza nzi. Nilitikisa kichwa, nikanywa chai, nikasema amefanya vizuri. Betri yangu ikabaki mfukoni mpaka shati likafuliwa nayo.

Siku chache baadaye tukaitwa kupima shamba la ndugu wawili karibu na ziwa. Nikavuta tepu, Fimbo akasimama na fimbo yake, hatukusemeshana zaidi ya salamu. Kona ya kwanza nikasogea kumsomea Bwana Mpima kioo, maana macho yake hayakioni vizuri. Akabonyeza. Kioo kikaandika: FIMBO?

Nilifikiri nimesoma vibaya. Nikapangusa kioo kwa shati. FIMBO? Bwana Mpima akaingiza pembe niliyomsomea kwenye darubini, ndipo ikauliza TEPU? Mimi nimesimama juani na tepu mkononi kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa na mgeni.

Nikangoja tumalize, nikangoja Fimbo aende kunywa maji. Nikasema, "Mzee, mashine imegeuka."

"Imegeuka nini?"

"Inamwita Fimbo kwanza."

Akafunga miguu ya darubini polepole, na mimi namjua mtu yule, akifunga darubini polepole anatafuta maneno. Akasema, "Tepu, tulikuficha. Ilipotea."

Akanieleza. Siku ile Fimbo alikuwa amevuta kidroo vizuri, betri ya zamani nje, mashine inawaka. Sasa mlangoni akatokea mkwe wake, baba wa mke wake mdogo, amekuja mnadani kuuza dume, akasikia mkwe wake yupo humu. Ninyi mnajua kwetu. Mkwe akisimama mlangoni hata kama umeshika moto unauweka chini. Tena mkwe huyo ni rika letu, Fimbo alichunga naye, lakini mkwe ni mkwe. Fimbo akaweka kila kitu mezani, akainuka, akampa mikono miwili, shikamoo, wakaanza. Habari za safari. Habari za nyumbani. Watoto. Mvua ya huko. Majani. Ng'ombe, na ng'ombe wa Fimbo si watatu. Yule aliyevunjika mguu. Yule aliyezaa ndama wawili. Mgonjwa mmoja mmoja wa ukoo. Hapo hakuna kumkatisha mkwe hata kwa kukohoa, na Mama alikuwa jikoni akimchemshia mgeni chai. Waliporudi mezani mashine ilikuwa imelala zamani, kidroo kiko wazi, na kadi ni tupu kama kibuyu cha mwaka wa njaa.

Mngefikiri nilifurahi. Hata mimi nilingoja kufurahi. Nikamwambia, "Kwa hiyo ameiua."

"Ameiua, tukaifufua," akasema Bwana Mpima, na akatabasamu, tabasamu la kule Hirbadaw ambalo sikuwa nimeliona miaka mingi. "Alikaa hapa zaidi ya wiki, hakwenda Dirma. Mimi nataja, Mama anabonyeza, yeye ananikumbusha. Anasema, hapana, kwenye lile shamba lenye kichuguu ulifanya vile, kwenye lile la kaburi ulifanya hivi. Yule mtu anakumbuka kila kona tuliyowahi kusimama. Tukachoma mahindi, tukacheka. Mama atakuambia."

Basi ndugu zangu, hapo ndipo kupe alipofika kwenye damu. Sikumwonea wivu kwa kubadilisha betri tena. Nilimwonea wivu kwa kuiua. Mimi miaka yote nimeilinda kama yai, nimebonyeza, nimefuga ukucha, na malipo yangu ni chai na asante, tuonane mwakani. Yeye ameipoteza mara moja na akapewa wiki nzima ya Bwana Mpima, na mahindi, na kucheka. Laiti mkwe angekuwa wangu. Nilimwaza hata mkwe wangu mwenyewe, marehemu, mtu wa maneno machache, angemaliza salamu mashine haijasinzia.

Nikauliza lile nililokuwa nataka kuuliza. "Na kwa nini Fimbo kwanza?"

Bwana Mpima akakunja uso. "Kwani zamani ilikuwaje?"

Hakukumbuka. Hakuwahi kupanga. Jambo nililolala nalo na kuamka nalo, yeye aliliandika tu lilivyomjia, na safari hii likamjia vingine. Nikasema ilikuwa hivyo hivyo, nimechanganya mimi, jua kali. Nikachukua tepu yangu nikaanza kuikunja.

Tangu siku hiyo Mama nesi akaweka sheria. Betri haibadilishwi na mtu mmoja. Mmoja avute kidroo, mmoja abonyeze. Na mwaka huu, baada ya mavuno, onyo lilipotoka, akatuita wote wawili. Nikaoga, nikavaa shati. Nikamkuta Fimbo ameshakaa, mwiba wake uko kwenye kitambaa cheupe, mahali pa ukucha wangu.

"Fimbo avute," akasema Mama, "maana ana mwiba. Wewe baba ushike mashine ubonyeze. Wewe ndiye uliyezoea kuiangalia isilale." Alisema kwa upole. Kisha akatoka kwenda kuangalia maziwa jikoni. Bwana Mpima alikuwa amekaa pembeni, mikono magotini, haoni kama kioo kinawaka au kimezima. Anasikiliza tu.

Fimbo akavuta kidroo. Kikatoka kama jino la mtoto. Betri ya zamani ilikuwa imetoa ukungu wa kijani, akaanza kusafisha kidroo kwa ncha ya mwiba, taratibu, jicho moja limefungwa. Na mimi nimeshika mashine, gumba langu juu ya kitufe, ukucha unagonga plastiki. Na wazo likaja na kukaa karibu yangu kama mtu wa nyumbani.

Nisipobonyeza. Sihitaji kufanya kitu, ni kutofanya tu. Italala. Tutasikitika. Na Bwana Mpima atasema tuanze upya, na safari hii nitakuwepo, nitakaa mimi hapa wiki nzima, nitamwambia mzee andika TEPU kwanza.

Gumba nikaliinua.

"Habari za Dirma," nikasema.

"Nzuri," akasema Fimbo, hakuinua kichwa.

"Wa nyumbani?"

"Wazima."

"Na mkwe?"

"Yupo."

"Ng'ombe?"

"Wapo, tunashukuru."

"Yule mweupe, mwenye pembe moja imeangalia chini?"

Hapo akasimamisha mwiba. Ng'ombe yule alikuwa kipenzi chake, nilijua. "Alikufa," akasema. "Kiangazi."

"Pole. Aliugua nini?"

Swali la namna hiyo haliachwi. Akaanza kunieleza, alivyoanza kukataa majani, alivyojitenga, dawa waliyomnywesha. Bwana Mpima anaitikia kwa koo, mm, mm, kama tunavyofanya. Na mimi namsikiliza Fimbo kwa sikio moja, sikio la pili liko kwenye mashine, ingawa mashine ile ikilala haitoi sauti. Nikaangalia kioo. Kilikuwa bado kinawaka. Nikauliza, "Na ndama wake?"

Fimbo akainua uso. Aliangalia gumba langu lililokuwa hewani, akaniangalia machoni. Mtu aliyekaa kimya miaka yote ile akiwa ameshika fimbo amejifunza kuona mbali. Nilingoja aseme kwa Bwana Mpima. Hakusema. Alisema kwa sauti ya chini, ile ya kumwambia mwenzako nyoka yuko karibu na mguu wake, "Bonyeza, Tepu. Ndama tutamsalimia nje."

Sijawahi kusikia mtu wa Dirma akikatisha salamu ya ng'ombe. Hata aliyefiwa hakatishi.

Nikabonyeza.

Akaweka betri mpya, upande wenye alama ya kujumlisha juu, akasukuma kidroo, kikalia tik. Bwana Mpima akasema, "Tayari?" Nikaamsha programu. FIMBO? ikaandika. Nikamsomea kwa sauti, kama ilivyoandikwa. Akashusha pumzi, akasema Mama alete chai.

Baadaye tukatoka nje, tukasimama karibu na boma la mbuzi, upepo wa ziwa unavuma, na Fimbo akanimalizia habari za ndama, zote, mpaka rangi yake. Nikamjibu inavyotakiwa. Kisha akasema, "Siku ile mkwe alisimama mlangoni. Wewe ungefanya nini?"

"Ningebonyeza."

"Mbele ya mkwe? Mkono mmoja umpe mkwe, mwingine kwenye mashine?"

Nikafikiri. "Nisingebonyeza," nikasema.

"Haya." Akatoa ule mwiba kwenye kofia yake, akautazama, akaurudisha. "Mwakani uvute wewe kwa huo ukucha wako wa bibi harusi. Mimi nitabonyeza."

Nikasema sawa. Nilifurahi mpaka nilipofika nyumbani. Nilipokaa kuvua viatu ndipo nikaelewa kwamba mwakani gumba litakuwa lake, na mdomo wa kuuliza utakuwa wake, na mtu yule anakumbuka kila kitu, kona zote, na ng'ombe wangu wote, na kila mtu wa ukoo wangu aliyewahi kuugua. Tangu hapo nikichunga jioni nawapitia mmoja mmoja kichwani, ng'ombe, wajukuu, mpaka kuku, na kila mmoja namtafutia jibu la neno moja.